Zikeni, Msinisubiri

Siku tatu kabla ya misa ya mwaka, Bibi Tereza aliwaambia wanawe kwamba hatapokea kitu chochote kutoka kwa wageni wa Dar es Salaam.

Alilisema hilo jikoni kwake, Uwemba, mgongo ameuelekeza motoni, akimenya viazi bila kuvitazama. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi imekaza, ukungu bado umelalia miti ya miwati ng'ambo ya bonde.

"Waje, waombe, wale," alisema. "Kaburi ni la mwanangu, silifungii mtu. Lakini hicho kibao chao cha sifa wampe anayekitaka."

"Mama, watu wanatoka mbali," alisema Yohanes, mwanawe wa kwanza. "Chuo alichofanyia kazi kimekaa vikao. Wanataka kumpa Tarsis heshima mbele ya kijiji chake."

"Heshima ya kazi gani?"

Pale jikoni palikuwa na watu sita, wote wa ukoo. Ukweli ni kwamba katika ukoo mzima wa Mwalongo hakuna aliyejua kwa hakika Tarsis alikuwa akifanya nini. Walijua ni kompyuta. Walijua aliitwa Dokta, na jambo hilo limewahi kuleta vituko: kila alipokuja likizo watu walimletea wagonjwa, na mzee Lukas wa jirani alishavua shati kabisa ili apimwe kifua. Tarsis alicheka, akampa nauli ya kwenda hospitali ya misheni. Zaidi ya hapo hakujieleza, na sasa alikuwa na mwaka mmoja kaburini.

"Kazi iliyomzuia kumzika baba yake," Bibi Tereza alijijibu mwenyewe. "Hiyo ndiyo mnataka niinuke, niishike kwa mikono miwili? Miaka kumi na tisa naiuliza. Mtu anieleze ni kazi gani, niielewe kama ninavyoelewa kumenya kiazi. Hapo nitajua kama naipokea."

Shangazi Ida akamgeukia Hilda, binti wa Yohanes, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, tayari kurudi Makambako kazini.

"Si huyu hapa anatangaza redioni? Kila siku maneno yanamtoka kama mtama kwenye gunia. Haya, mtangazaji, mweleze bibi yako."

Watu walicheka kidogo. Hilda hakucheka. Ni yeye aliyekuwa amepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu ili ausome kaburini, na pale kwenye neno "kazi" alikuwa ameacha mistari minne mitupu.

"Nitakueleza, Bibi," alisema. "Kabla ya misa."

"Kabla ya misa," Bibi alirudia, akatupa ganda la kiazi kwenye ndoo.

Hilda aliikumbuka siku ile ya mazishi ya babu Kornelio. Alikuwa na miaka minane. Ilikuwa Februari na mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kaburi lilijaa maji, vijana wakawa wanayachota kwa ndoo. Mazishi yaliahirishwa kutoka saa nane hadi saa kumi kwa sababu Bibi aligoma. Alisimama kwenye majani ya barabarani, kanga imemgandia mwilini, akiangalia njia ya kutoka Njombe. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa siku moja kwa basi, naye Tarsis alikuwa na siku mbili. Hatimaye Yohanes alimwendea na simu mkononi, akamsomea ujumbe: *Zikeni, msinisubiri. Kazi hainiruhusu kutoka.* Bibi aligeuka, akaenda kaburini, akatupa udongo. Tangu siku hiyo alimpokea Tarsis kila alipokuja, alimpikia, alimcheka kwa mvi zake. Lakini mbele yake hakulitaja tena jina la Kornelio, na Tarsis naye hakulitaja. Mama na mwana waliishi hivyo mpaka mwana akafa.

*

Wageni walifika Makambako Ijumaa mchana, watano ndani ya gari la chuo. Kiongozi wao, Dokta Fidelis, aliomba waonane na msemaji wa familia kabla ya kupanda kwenda Njombe, wapange ratiba. Hilda alimpokea kwenye hoteli ndogo ya chai jirani na kituo chake cha redio. Fidelis alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, amevaa koti ambalo kwa baridi ya Makambako lilikuwa kama gazeti.

"Poleni na baridi, Dokta. Huko tunakokwenda ni zaidi."

"Zaidi ya hapa?" Fidelis alikumbatia kikombe. "Sasa ndiyo namwelewa mwalimu Tarsis. Kwenye chumba cha mitambo sisi tunatetemeka, yeye kakunja mikono ya shati."

Alitoa karatasi mbili kwenye bahasha. Ni maneno ya sifa yatakayosomwa kaburini, yamepitishwa na mkurugenzi, yana mhuri. Hilda aliyasoma taratibu. Kulikuwa na vyeo, miaka, nchi. Kulikuwa na "ukokotoaji sambamba" mara saba. Halafu, karibu na mwisho, alikuta aya hii:

*Dkt. Mwalongo alikuwa mfano wa kujitoa. Mwezi Februari 2006, alipopata taarifa ya kufiwa na baba yake mzazi, hakuondoka kwenye mitambo. Alibaki zamu mchana na usiku. Vijana waige moyo huo.*

Hilda aliiweka karatasi mezani, akaigeuza kifudifudi kama mtu anayefunika kitu kisionekane na watoto.

"Dokta, hili halisomwi."

"Lipi?"

"La babu yangu. Mama mzazi wa Tarsis yuko hai. Ana miaka themanini na sita na masikio yake yanasikia. Unataka kumsomea kosa lile kama ndiyo sifa, juu ya kaburi?"

"Dada, hiyo ndiyo aya yenye uzito kuliko zote. Mkurugenzi mwenyewe ameipigia mstari."

"Basi mkurugenzi aje aisome yeye, halafu abaki nasi kwenye matanga ya pili, ya mama huyo."

Fidelis akachukua kijiko, akakoroga chai isiyo na sukari.

"Umeandika wewe?" Hilda aliuliza.

"Nimeandika mimi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Aliendelea kukoroga. "Na sikuandika yote."

Hilda alingoja. Kazini amejifunza kwamba mtu akifika hapo hasukumwi.

"Wakati ule hatukuwa na mtambo mkubwa," Fidelis alianza. "Nani angetupa? Mwalimu aliokota kompyuta zilizotupwa maofisini, arobaini, akaziunganisha kwa nyaya kwenye chumba kimoja. Hesabu moja kubwa unaikata vipande arobaini, kila moja inafanya kipande chake, zote kwa wakati mmoja, na kila hatua zinapeana majibu. Tulikuwa tunapiga hesabu ya mvua za nyanda za juu. Siku kumi na sita mfululizo. Ubaya wake ni mmoja: kompyuta moja ikizima, zote zinaanguka. Unaanza tena siku ya kwanza. Tulikuwa tumeshaanguka mara mbili."

"Na babu alipofariki?"

"Tulikuwa siku ya kumi na tatu. Nilimwambia, mwalimu, nenda, mimi nitakaa. Akanitazama. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Akasema, ikitikisika hujui pa kushika. Akatuma ujumbe nyumbani, akarudi kwenye kiti."

"Hesabu ikaisha?"

Fidelis alitikisa kichwa.

"Kesho yake ya mazishi, asubuhi, kompyuta ya ishirini na tatu ilizima. Feni tu, dada. Feni ya bei ya chipsi. Zote arobaini zikasimama. Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni kati ya nyaya, akaniuliza: Fidelis, wameshamaliza kuzika? Nikamwambia, tangu jana. Akasema, basi nimekosa huku na huku."

Nje lori la mbao lilipita likielekea Iringa, vikombe vikagongana mezani.

"Wiki iliyofuata aliacha hesabu za mvua. Akaanza kuandika programu ile tunayokuja kuitolea kibao. Ilimchukua miaka sita. Ukiiweka, kompyuta moja ikizima, zilizobaki zinajua mwenzao alifika wapi, zinagawana kipande chake, kazi inakwenda. Leo iko katika vyuo vya nchi ambazo mimi siwezi kuzitamka. Watu wanadhani aliitengeneza kwa ajili ya kasi. Kasi hakuijali. Alikuwa akisema anataka mtu aweze kuinuka kwenye kiti."

"Hayo ndiyo ulitakiwa kuyaandika."

"Ningeyaandika, ningeandika kwamba alikosea. Mtu hupewa kibao kwa kukosea?"

"Sijui," Hilda alisema. "Anayejua ni mama yake."

*

Alifika Uwemba jioni, jua bado halijazama. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akichambua maharage ya kesho. Hilda alivuta kigoda, akachukua ungo wa pili, wakachambua pamoja. Njiani alikuwa ametafuta maneno na kuyatupa. Alijua bibi yake Kiswahili anakijua, ila anapoumia au anapopenda hurudi kwenye Kibena. Hakutaka kumpa hata neno moja la kukodi.

"Bibi, ukialika watu kukulimia, unawagawiaje shamba?"

"Unaniuliza kama hujalima. Kila mtu mstari wake."

"Na mmoja akishikwa na homa, akaangusha jembe?"

"Anapelekwa kivulini."

"Mstari wake?"

"Waliomaliza wanarudi, wanaukata. Hakuna anayekwenda kwenye chakula mstari wa mwenzake umesimama na majani. Hilda, umekuja kunipa mtihani?"

"Sasa fikiri watu wengine. Wako arobaini shambani. Wamelima siku kumi na tano, imebaki moja. Mmoja anaugua. Wote wanatupa majembe, majani yanaota tena shamba zima kama hapajaguswa, na wanaanza upya kutoka mstari wa kwanza."

Bibi Tereza aliacha kuchambua. Kisha alicheka, kicheko cha kweli cha tumboni.

"Wapumbavu gani hao? Wa wapi?"

"Ndivyo zilivyokuwa kompyuta za baba mdogo. Na yeye ndiye aliyekuwa akizilinda mmoja asiugue, babu alipofariki."

Kicheko kilikatika. Hilda aliendelea, kwa sauti ileile, akamweleza siku kumi na tatu, feni, sakafu, nyaya. Akamweleza swali la Tarsis, *wameshamaliza kuzika?* Akamweleza miaka sita. Hakupamba. Alipomaliza, maharage ya Bibi yalikuwa yameanguka nusu, na hakuna aliyeyaokota.

"Kwa hiyo alizifundisha kurudi kukata mstari wa mgonjwa," Bibi alisema.

"Ndiyo."

"Kitu alichokiona hapa tangu hajaota meno ya pili."

"Ndiyo, Bibi."

"Alikijua." Sauti yake ilianza kupanda. "Hapa tulikuwa ndugu, majirani, jumuiya yote ya Kanisa. Na kule alikuwa na kijana aliyemwambia nenda, nitakaa. Akamwona hafai! Mashine alizifundisha kuaminiana, yeye mwenyewe hakumwamini mtu! Na kwa nini hakuniambia? Miaka kumi na minane ananilia ugali hapa, ananitazama usoni, hanielezi?"

Lolote Hilda alilolifikiria kumjibu lilikuwa la kumtetea marehemu, na Bibi hakuwa amemwomba utetezi.

"Aliona aibu," alisema mwishowe.

"Aibu," Bibi alirudia, akainama kuokota maharage, moja moja. "Kazi nimeielewa. Umeniambia vizuri. Kibao sijui. Niache nilale nacho."

*

Misa ilikwisha saa tano. Watu walitoka kanisani kwa maandamano hadi makaburi ya ukoo, nyuma ya shamba la viazi, pale alipolala Kornelio na, hatua nne pembeni yake, Tarsis. Padri alibariki kaburi. Hilda alisoma wasifu, na kwenye ile mistari minne alisoma yale aliyomwambia Bibi, kwa ufupi, hata ya feni. Alisikia minong'ono ikipita. Mzee Lukas, aliyesimama mbele, alitikisa kichwa pole pole, mkono kifuani.

Dokta Fidelis akafuata. Karatasi zenye mhuri alikuwa nazo, lakini hakuzifungua.

"Mimi ndiye yule kijana," alisema. "Mwalimu alikosea siku ile, na mimi nilikosea kwa kutomsukuma atoke. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kutengeneza kitu ili mwingine asikosee kama yeye. Ndicho tulichokuja kukishukuru. Tunamwomba mama atupokelee."

Alikitoa kibao kwenye nguo kilimofungwa; kilikuwa cha shaba, kimebanwa kwenye ubao mweusi. Bibi Tereza aliinuka kwenye kiti, mkono mmoja kwenye bega la Hilda. Alimwendea Fidelis mpaka karibu kabisa. Hakunyoosha mikono.

"Kamwene," alimsalimu.

"Kamwene, mama," Fidelis aliitika kwa kubabaika. Ndilo neno pekee la Kibena alilofundishwa.

"Mmekuja wangapi?"

"Watano, mama."

"Huko kazini kwa Tarsis mko wangapi?"

"Sita."

"Wa sita anaumwa?"

"Hapana, mama. Amebaki."

"Amebaki kufanya nini?"

Hilda aliona jambo likimfikia Fidelis, jambo ambalo hakuwa ameliwaza kabisa mpaka dakika ile.

"Anaangalia mitambo," alisema. "Kuna hesabu inakwenda."

"Anaitwa nani?"

"Aron."

"Alimjua mwanangu?"

"Alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, mama. Ndiye aliyelala naye hospitali. Hadi siku ile."

Bibi Tereza alifumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyepanda mlima mrefu akakuta mwingine.

"Aliyemfumba macho mwanangu mmemwacha na mashine, halafu mnaniletea shaba. Mpigie."

"Sasa hivi, mama?"

"Kwani tunaenda wapi?"

Fidelis alipiga, akaiweka sauti ya nje. Simu iliita mara nne.

"Dokta, kuna tatizo?" ilikuwa sauti ya kijana, na nyuma yake mvumo wa mafeni.

"Aron, watu wote hapa wanakusikia. Mama yake mwalimu anataka utoke. Ufunge mlango, upande basi la kesho alfajiri, uje Uwemba."

"Na ikizima moja, Dokta?"

Fidelis alitazama kaburi, akatazama watu.

"Zitabaki nyingine," alisema.

Bibi aliisogelea simu kama anavyosogelea dirisha la ungamo. "Mwanangu Aron, mimi ni Tereza. Kitanda kipo. Njoo na sweta." Kisha akamgeukia Fidelis. "Hicho kifungeni tena kwenye nguo yake. Akifika, tutamaliza. Sasa watu wakale."

Yohanes alitaka kusema jambo kuhusu ratiba, shangazi Ida akamkanyaga mguu.

*

Jumapili jioni Hilda alikwenda stendi ya Makambako kumpokea. Aron aliteremka na begi dogo, sweta jipya lenye lebo bado shingoni, simu mkononi. Kabla hata ya salamu aliinua simu juu, akaisoma.

"Moja imezima tangu saa nne," alisema, kama anayetoa taarifa ya msiba.

"Na nyingine?"

Alitelezesha kidole, akatazama kwa muda mrefu. "Zinaendelea." Aliitia simu mfukoni. "Shikamoo yako nimeisahau, dada. Habari za nyumbani?"

"Wanakusubiri," Hilda alisema.

Wageni wote walikuwa wamelala Njombe mjini siku mbili kwa ajili hiyo. Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kuinuka, walisimama tena makaburini, safari hii bila padri wala viti. Aron ndiye aliyekishika kibao. Bibi Tereza alimshika mashavu kwanza, akamtazama macho yale yaliyomwona mwanawe mara ya mwisho. Ndipo akapokea, kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

Walidhani atakiweka juu ya kaburi la Tarsis. Alipita pale bila kusimama, akahesabu hatua nne, akasimama kwenye kaburi la mumewe. Alikilaza kibao kwenye nyasi, maandishi yakitazama juu, akazungumza kwa Kibena, kwa sauti ya chini ya mke anayemwamsha mumewe asubuhi.

"Baba Yohanes. Mtoto wako Tarsis alichelewa. Alikosea, na alijua. Nitakueleza yote, mimi mwenyewe nimeelezwa juzi tu."

Akaketi chini kwenye nyasi zenye umande, akaanza kumweleza.